Geti la Upande Wetu

"Kwani wewe Bi Mizoguchi, stesheni iko hapo mbele ya dirisha lako la jikoni, mbona kila asubuhi unakimbia kama umefukuzwa na nyuki?"

Aliyeuliza alikuwa Bi Okubo, jirani mpya, mwanamke mnene mchangamfu aliyekuwa ndiyo kwanza amehamia nyumba ya pili kutoka kwao. Alikuwa ameegemea ukingo wa roshani yake juu, anapiga godoro litoke vumbi. Hatsue Mizoguchi alikuwa na mfuko mkononi na kiatu kimoja hakijaingia sawasawa. Hakuwa na nafasi ya kueleza.

"Kaa hapa wiki moja, mama, kisha uniulize tena," akasema, akaendelea kukimbia.

Haikufika wiki. Siku ya nne walikutana kwenye kivuko cha reli, wote wawili wamesimama nyuma ya mti wa kizuizi, kengele ya kivuko inawalilia masikioni. Treni ilipita ikienda mjini. Kabla haijamalizika ikapita nyingine ikitoka mjini. Halafu ile ya haraka isiyosimama, ikawapeperusha nywele. Bi Okubo aliangalia saa yake, akaangalia kizuizi, akaangalia saa tena.

"Dakika kumi na saba! Mimi nimesimama hapa dakika kumi na saba!"

"Leo ni nafuu," Hatsue akamwambia.

"Na treni yangu?"

"Si ile pale inaondoka?"

Bi Okubo akafungua mkoba, akatoa pipi mbili, moja akampa mwenzake. "Kula, mama. Tutazeekea hapa."

Hivyo ndivyo walivyo watu wa stesheni ya Kayanoki, ukingoni mwa Osaka, walio upande wa kaskazini. Stesheni ni yao kwa macho tu. Mlango wake ni mmoja, na mlango huo uko kusini, kwenye maduka na benki. Watu wa kaskazini wanaishi mgongoni mwake. Kutoka dirisha la jikoni la Hatsue mtu anaweza kusoma saa ya jukwaani bila miwani. Anaweza kumwona nani kavaa koti jipya na nani kasinzia kwenye benchi. Sauti ya kutangaza treni inaingia mpaka kwenye supu yake. Lakini ili afike pale, lazima atoke uchochoroni, aende kwenye kivuko, asubiri reli nne ziwe tupu kwa pamoja, avuke, halafu arudi nyuma upande wa pili mpaka mlangoni. Asubuhi kivuko kinafunguka kama mtu anayepepesa jicho. Ukiwa na miguu mizima, unachupa. Kama huna, unabaki.

Hatsue alikuwa amechupa miaka thelathini na sita. Alizaliwa kwenye milima ya Wakayama, kwa wakulima wa machungwa, akaja mjini akiwa na miaka kumi na tisa kufanya kazi kwenye kiwanda cha taulo. Akaolewa na Kunihiro, fundi wa mikeka ya tatami, mtu mfupi mwenye mabega mapana na maneno machache. Kiwanda kilipofungwa, Hatsue alipata kazi kwenye jiko la shule ya msingi, stesheni tatu kutoka pale. Mtoto wao mmoja alikwenda kuishi kaskazini kabisa mwa nchi, anapiga simu Jumapili. Maisha ya kawaida, ya kushukuru. Kila alfajiri anaweka bakuli dogo la wali mbele ya kabati la marehemu, anagonga kikengele mara moja, anafumba macho, anawasalimu wakwe zake waliotangulia. Kisha anafumbua macho na kuangalia dirishani kama kizuizi kimeshuka.

Mara moja tu, zamani, alikasirika hadharani. Alikuwa amechelewa kazini mara tatu katika wiki moja, na mpishi mkuu alikuwa ameanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Treni ikichelewa, stesheni humpa abiria kikaratasi cha kumwonyesha mkubwa wake, kwamba kosa si lake. Hatsue akaenda dirishani kuomba kikaratasi.

"Mama, treni imefika kwa wakati," kijana wa dirishani akamjibu kwa adabu.

"Najua. Nimeiona ikifika. Na nimeiona ikiondoka."

"Basi kikaratasi siwezi kutoa. Treni haikuchelewa."

"Kilichochelewa ni kivuko chenu!"

"Kwa kivuko hatuna karatasi, mama. Samahani sana." Akainama. Na mtu akishakuinamia namna ile, unamgombeza vipi? Hatsue naye akainama, akaenda zake na hasira yake tumboni.

Hayo yote yalikuwa ya kuvumilika. Kisha mwanzoni mwa mwezi wa kumi Kunihiro akaanguka karakanani, sindano ya mikeka bado mkononi. Kiharusi. Mungu alimwachia ulimi na akili, lakini mguu wa kulia ulikataa kumtii. Alikaa hospitali karibu miezi miwili. Siku ya kutoka, daktari alimwita Hatsue pembeni, akamwambia bila kuzungukazunguka: miezi sita ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa. Mguu ukifanyishwa mazoezi sasa, atatembea. Ukiachwa, utakauka, na baadaye kuurudisha itakuwa kazi nzito sana. Akapewa nafasi kwenye kliniki ya mazoezi, stesheni mbili kutoka Kayanoki, Jumanne na Ijumaa saa tatu asubuhi. Saa nyingine zote zilikuwa zimejaa.

Mpishi mkuu wa shule, ambaye jicho lake la pembeni lilikuwa limelainika kwa miaka mingi, akampa ruhusa ya asubuhi hizo mbili.

Jumanne ya kwanza walitoka mapema. Kunihiro alikuwa amenyoa ndevu. Walifika kivukoni, wakasubiri, kizuizi kikainuka, wakaanza. Hatua, fimbo, mguu. Hatua, fimbo, mguu. Walikuwa wamevuka reli mbili tu kengele ilipoanza tena.

"Twende, baba," Hatsue akasema.

"Naenda."

"Haraka kidogo."

"Kama ningeweza kwenda haraka, ningekwenda kliniki kufanya nini?"

Kizuizi kikaanza kushuka mbele yao. Dereva wa gari la mizigo akaruka chini akakizuia kwa bega, mwanamke mmoja akatupa baiskeli yake akaja kumshika Kunihiro kwapani, wakamvuta wote watatu kama gunia. Alianguka upande wa pili, suruali ikachanika gotini. Watu wakauliza, "Umeumia, mzee? Umeumia?" Yeye aliinamisha kichwa chini, akaomba radhi kwa kila mtu, mmoja mmoja, kwa kuwasumbua. Treni ilipita nyuma yao.

Waliporudi nyumbani mchana alisema, "Sitoki tena." Akakaa kwenye mkeka wake, akaelekea ukutani.

Walijaribu teksi mara tatu. Uchochoro wao ni mwembamba, gari haliingii, na njia ya kuzunguka chini ya daraja la reli ilichukua muda mrefu mpaka zamu yake ya siku ile ikapita na kupewa mtu mwingine. Na teksi si kitu cha mke wa fundi mikeka kupanda kila wiki. Wakaacha. Mwezi wa kumi na mbili ukapita, mwaka mpya ukaingia. Hatsue alipomsaidia kuoga aliuona mguu ule umeanza kuwa mwembamba kuliko mwenzake. Alimkanda kwa maji ya moto, na dirishani sauti ilikuwa inatangaza kwamba treni ya kliniki inaingia.

Sasa, mwishoni mwa jukwaa, upande wao wa kaskazini, kuna geti dogo la chuma. Mafundi wa reli wanalitumia. Kutoka mlangoni kwa Hatsue mpaka pale ni hatua arobaini, na hakuna reli ya kuvuka, maana ni jukwaa lile lile la treni za kwenda kliniki, na za kurudi husimama jukwaa la pili lililounganishwa nalo kwa lifti. Kuna kufuli kubwa. Miaka thelathini na sita alikuwa anaanika nguo akiliangalia kufuli lile.

Akaenda kwa mkuu wa stesheni, Bwana Tokuda, mwanamume wa miaka arobaini hivi mwenye kofia iliyonyooka. Akamweleza yote, kuanzia mguu mpaka geti. Bwana Tokuda alimsikiliza kwa makini, akaandika.

"Tutalitafakari, mama."

Hatsue hakuondoka. Kila mtu pale anajua kwamba jambo likishasemwa litatafakariwa, limekufa.

"Bwana Tokuda, usinitafakarie. Niambie nifanye nini."

Yule bwana akatazama kofia yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu na mama yake, "Mimi peke yangu siwezi. Lakini ukiniletea sauti ya mtaa mzima, kwamba nyumba zote za kaskazini zinataka geti, nitalipeleka juu. Nitalibeba mwenyewe."

Sauti ya mtaa, pale, hupita kwenye ubao. Ni ubao mwepesi wenye kibanio juu, unabana matangazo: siku za taka, mazoezi ya zimamoto, nani kafariki. Unatoka nyumba hadi nyumba. Unausoma, unagonga muhuri wako mwekundu kwenye kijisanduku chenye jina lako kuonyesha umepita kwako, unauning'iniza kwenye mlango wa jirani. Hatsue akaandika ombi kwa mkono wake, kurasa mbili, akaeleza habari ya geti na ya wazee na ya akina mama wenye watoto mgongoni, na chini akapiga mistari na majina ya nyumba arobaini na sita. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Nishiwaki, alilipima kwa mkono kama samaki.

"Refu," akasema.

"Mambo yenyewe marefu, Mwenyekiti."

"Haya, tutaliweka katikati ya taka na zimamoto."

Ubao ukaondoka. Siku tano, Hatsue alikuwa anaulizia umefika wapi. Siku ya sita ukapotea. Kumbe ulikuwa umening'inia mlangoni kwa ajuza mmoja aliyekwenda kwa binti yake Nagoya, unanyeshewa. Siku tisa! Hatsue akautoa, akaukausha kwa pasi, akaupeleka mwenyewe nyumba iliyofuata. Wiki ya tatu ukarudi.

Mihuri arobaini na sita. Hakuna kijisanduku kitupu. Hata Bwana Enomoto wa nyumba ya mwanzo uchochoroni, ambaye hupigana na mtaa mzima kuhusu paka, amegonga, tena kwa nguvu.

Hatsue aliiweka ile karatasi mbele ya kabati la marehemu, akagonga kikengele, machozi yakamtoka. Akampelekea Kunihiro. Kunihiro alipitisha kidole juu ya mihuri, mmoja baada ya mwingine.

"Enomoto pia?"

"Enomoto pia."

Kunihiro akaivuta fimbo yake karibu. Kisha akasema, "Viatu vyangu uliviweka wapi?"

Mkutano ulifanyika katika ukumbi mdogo wa mtaa, Jumapili. Walikuja watu thelathini na kitu, chai ikamiminwa. Bwana Tokuda alikuja na kofia yake na bahasha nene. Akawashukuru, akawainamia, akasoma ombi kwa sauti. Kisha akasema: "Ni wajibu wangu kuwaeleza vizuri. Geti likifunguliwa, abiria wa mitaa ya nyuma nao watapita hapa. Uchochoro wenu utakuwa njia, tangu saa kumi na moja alfajiri. Miguu, baiskeli, masanduku ya magurudumu. Nyumba zote arobaini na sita mmekubali hivyo?"

Mtu akakohoa.

"Kukubali nini?" akauliza Bwana Enomoto.

"Geti, bwana. Muhuri wako uko hapa."

"Huo? Huo niligonga kuonyesha nimeuona ubao! Siku zote si tunagonga hivyo?"

"Hata mimi," sauti ikasema nyuma.

"Mimi nilijua ni ya zimamoto."

"Mimi sikusoma kabisa, nilikuwa na wageni."

Hatsue akageuka kumtafuta Bi Okubo. Bi Okubo alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mama, nisamehe. Nilikuwa nakaanga. Niligonga nikaupeleka mbio usipoe mkononi kwangu. Lakini mimi nakubali! Nakubali sasa hivi, andika!"

"Mimi sikubali," Enomoto akasema. "Dirisha langu la kulala liko pale pale. Alfajiri masanduku, guruguru, guruguru! Ninyi mko ndani huko mwisho, mtasikia nini?"

"Wewe na paka wako mnapigana usiku kucha, tunasikia sisi!" Bi Okubo akamjibu, watu wakacheka, na kucheka kule kulimwuma Hatsue kuliko kukataliwa.

Akasimama. Ni mwanamke asiyezoea kusimama mbele za watu. "Kurasa mbili," akasema. "Nimeandika kurasa mbili. Watu arobaini na sita mmezishika mikononi. Wiki tatu nzima. Hakuna hata mmoja aliyesoma?"

Mzee Nishiwaki aliikoroga chai isiyokuwa na sukari.

Bwana Tokuda alifungua bahasha yake taratibu, kama anayetoa mwiba. "Mama Mizoguchi, sikutaka kulileta hili. Lakini wakubwa wangu watalileta. Miaka kumi na moja iliyopita, stesheni ilipokarabatiwa, kampuni ilipitisha swali kwenye ubao huu huu. Iliwauliza watu wa kaskazini kama wanataka mlango upande wao. Anayetaka aandike. Hakuandika mtu. Ikahesabika kwamba hakuna haja." Akaiweka karatasi mezani.

Ilikuwa imegeuka rangi. Safu ya vijisanduku, safu ya mihuri. Wa tatu kutoka chini: Mizoguchi. Mwekundu, umenyooka, umegongwa na mtu makini.

Hatsue aliuangalia. Hakukumbuka kitu. Alijaribu kukumbuka ilikuwa siku gani, mvua au jua, alikuwa anapika nini. Hakuna. Alikuwa amegonga, akauning'iniza ubao kwenye mlango wa jirani, akakimbilia kivukoni. Angetaka kumkasirikia mtu, yeyote, Enomoto, kampuni, ajuza wa Nagoya. Hasira ilikwenda ikatafuta pa kukaa, ikarudi kwake mwenyewe.

Nyumbani alimkuta Kunihiro ameketi kwenye kizingiti, viatu miguuni, cha kulia hakijafungwa kamba.

"Lini?" akauliza.

Akamweleza. Hakuficha hata ule muhuri wa zamani. Kunihiro alisikiliza mpaka mwisho, akaanza kuvua kiatu kwa mkono mmoja.

"Acha viatu," Hatsue akasema.

"Nivivae nikiangalia nini?"

"Nimesema acha!" Hakuwahi kumpigia kelele katika miaka yote ya ndoa. Wote wawili walishtuka. Dirishani sauti ilitangaza treni nyingine. Hatsue akaenda kufunga dirisha, akalifunga kwa kishindo, na sauti ikaendelea kusikika vile vile.

Baadaye, akili ilipotulia, alimfikiria Enomoto. Kusema kweli, yule mtu alikuwa na haki yake. Nani anataka masanduku kichwani alfajiri? Na yeye, kwenye kurasa zake mbili, alikuwa ameomba mlango wa dunia nzima, wazee, wajawazito, watoto, kwa sababu aliona aibu kuomba kwa ajili ya mume wake peke yake. Alichukua karatasi mpya. Aliandika mistari michache, akafuta, akaandika tena. Kunihiro alikuwa anamtazama, viatu bado miguuni.

"Unaweka tena kwenye ubao?"

"Ubao? Hapana. Nitakwenda kwa miguu."

"Nyumba zote arobaini na sita?"

"Nina miguu miwili mizima, baba. Nitaitumia."

Alianza na nyumba ngumu. Bwana Enomoto alifungua mlango na paka begani, akamwona, uso ukamkunjamana. Akanyoosha mkono kupokea karatasi, na mkono wa pili, kwa mazoea, tayari ulikuwa unatafuta muhuri kwenye kibakuli cha funguo mlangoni.

"Subiri, bwana," Hatsue akamwambia. Hakumpa karatasi. Aliishika kwa mikono miwili, akamsomea, neno kwa neno, pale pale mlangoni:

"Naitwa Mizoguchi Hatsue, wa nyumba ya tatu kutoka mwisho. Naomba geti dogo la stesheni lililo upande wetu lifunguliwe Jumanne na Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi, dakika kumi tu, na tena dakika kumi saa tano na nusu, ili mume wangu aende kwenye mazoezi ya mguu na kurudi. Mtu mwingine asipite. Asiyekubali asigonge muhuri, na mimi sitamnunia. Daktari alitupa miezi sita ya kuurudisha mguu; zimebaki wiki sita. Naomba mnisikilize kwanza, halafu ndiyo mgonge."